Neno Moja la Mwalimu Sabuni

Nyumbani, 9 Februari

Mjomba Spana,

Shikamoo. Najua ukiuona mwandiko wangu kwenye bahasha utasema, "Kiherehere kaharibu nini tena?" Safari hii sijaharibu kitu. Paa halijavuja, yule paka wako bado mwizi, na mimi nimeomba ruhusa kiwandani nije kukaa nyumbani kwa muda. Sasa tafuta mahali ukae, ndipo uendelee kusoma.

Mama alipata kiharusi. Ilikuwa Jumatatu iliyopita asubuhi, bahati nzuri nilikuwa nimekuja kumtembelea. Alikuwa jikoni anabishana na mtangazaji wa redio, kama kawaida yake, mara akanyamaza katikati ya sentensi. Mama huyu unayemjua, anyamaze katikati ya sentensi! Nikageuka. Kona ya mdomo upande wa kulia ilikuwa imeshuka na chai inamtiririka kidevuni, wala hana habari. Nikamwambia, "Mama, inua mikono yote miwili." Wa kushoto ukapanda. Wa kulia ukabaki pale pale mezani kana kwamba si wake.

Nilipiga kelele mpaka jirani mwenye teksi akamshusha abiria wake barabarani. Hospitalini daktari hakuuliza umri wala kabila. Aliuliza, "Imeanza saa ngapi?" Nikamjibu kwamba muhtasari wa habari wa saa mbili ndio ulikuwa umeanza. Akasema, "Vizuri sana," nami nikashangaa kuna vizuri gani hapo. Kumbe dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ina muda wake, ukipita haitolewi tena. Walimpiga picha ya kichwa kwanza wajue kama mshipa umepasuka au umeziba. Ulikuwa umeziba, wakamtundikia dawa. Mimi nilikuwa nimeshafungua chupa nimpe maji, muuguzi akaninyang'anya. Hapewi hata tone mpaka apimwe kwa kijiko kama anaweza kumeza, la sivyo maji yanaingia kwenye mapafu.

Yuko hai, Mjomba. Anakaa kitandani, mguu umeanza kutii, mkono bado mkaidi. Kuhusu kuzungumza, wanasema ni mapema. Kwa hiyo usihangaike kupanda kile kilima chenu kutafuta mtandao. Akiweza simu nitakuandikia.

Mpwa wako,
Kiherehere


Kambini, 24 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba, na marahaba nyingine ya akiba. Barua yako imefika ndani ya lori la saruji ikiwa nyeupe kuliko ulivyoituma. Nimeisoma nimesimama kwa sababu wewe umeniambia nikae, na tangu lini mpwa akamwamuru mjomba. Nilipofika kwenye ule mkono uliobaki mezani nikaingia chini ya greda. Vijana wakadhani natengeneza. Nilipotoka nikawaambia mafuta yameniingia machoni.

Kiherehere chako kimemwokoa dada yangu. Kuanzia leo jina hilo si utani tena, ni cheo.

Huku tunahangaika na daraja. Mvua zinakuja, msimamizi hataki kusikia neno likizo hata kwenye ndoto. Mpishi wetu bado anaunguza wali, tena siku hizi anauunguza kwa ustadi. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yanalalamika.

Sasa tuzungumze. Dada yangu akose la kusema? Mwanamke aliyeosha vinywa vya shule nzima kwa sabuni kila mtoto alipotukana, mpaka wakamwita Mwalimu Sabuni? Mimi ndiye niliyekuwa darasa lake la majaribio, kabla hata hajaenda chuo cha ualimu. Nilimtukana mbuzi wa watu, yeye akanikokota kwa sikio mpaka bombani. Hadi leo spana ikiteleza ikaniponda kidole nasema "Jamani!" tu. Vijana wananicheka, eti fundi gani asiyejua kutukana.

Nataka kujua amesema nini. Neno la kwanza la mtoto hakuna mzazi anayelisahau, na la dada yangu nami nalitaka. Dereva wetu atapita kwenu akija kuchukua saruji. Atamsalimia kwa niaba yangu, kisha aniletee hilo neno.

Wako,
Mjomba Spana


Nyumbani, 20 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mama ameruhusiwa, yuko nyumbani. Anatembea na mkongojo kutoka chumbani hadi sebuleni, mimi nyuma yake nimeshika mkanda wa gauni lake. Vidonge vya presha anameza kila asubuhi, vile alivyokuwa akiviacha akijisikia mzima. Paka amehamia kitandani kwake.

Dereva alifika mwanzoni mwa mwezi. Nilimwambia Mama amelala. Akapaza sauti kupitia dirishani, "Mwalimu, salamu kutoka kwa Spana!" Mama hakuwa amelala, akamjibu. Na Dereva si kiziwi. Sijui kakufikishia nini. Kama hajasema kitu, basi itabidi niseme mimi.

Neno analo, Mjomba. Ni moja tu, na ni tusi.

Siliandiki. Ni lile la mambo ya chooni, ambalo mtoto akilitamka shuleni ilikuwa sabuni moja kwa moja, bila kesi. Akitaka maji anasema hilo. Akitaka dirisha lifungwe, hilo hilo. Nikimgeuza kitandani nikamwekea mto chini ya ule mkono, ananishika shavu kwa mkono wa kushoto, macho yamejaa mapenzi kabisa, halafu ananipa hilo.

Mtaalamu wa usemi pale hospitali, dada mmoja mcheshi, amenieleza. Sehemu ya ubongo inayopanga maneno ndiyo iliyokosa damu. Ila kuna maneno mtu hayapangi, yanajitokea yenyewe: kuhesabu, sala, nyimbo, na matusi. Hayo huweza kubaki wakati mengine yote yameondoka. Si kwamba alikuwa amelificha moyoni miaka yote. Nilimuuliza mara mbili ili niwe na hakika. Anasema tusimzuie. Aseme hilo hilo, alitumie, maana kinywa kinachosema ndicho kinachofundishika.

Lakini akili ya Mama ni nzima, anajisikia. Wiki iliyopita tulikuwa kliniki, kwenye benchi la kusubiri. Akaja mwanamume mmoja mwenye tai, na watoto wake wawili, akainama mbele yake. "Shikamoo Mwalimu! Ni mimi, uliyenifundisha kusoma!" Uso wa Mama ukachanua. Nilimwona anaivuta marahaba kutoka mbali. Likatoka lile. Watoto wakaangua kicheko, benchi zima likafuata, yule bwana naye akacheka kidogo kabla ya kujizuia. Mama akafunika mdomo kwa kiganja. Tangu siku hiyo hasemi chochote, hata hilo lenyewe.

Na mimi niliona aibu, Mjomba. Nilisema kwa sauti, "Samahanini jamani, ni mgonjwa," kana kwamba namwombea radhi mlevi. Alinisikia. Hatujarudi kliniki. Wewe ndiye mkubwa wetu uliyebaki, niambie nifanye nini.

Kiherehere


Kambini, 2 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimeipata barua.

Kama amenyamaza, mwache anyamaze. Heshima hujengwa kwa miaka ikabomoka kwa siku moja. Asipelekwe tena kwenye mabenchi ya watu. Mazoezi ya mkono na mguu afanyie ndani. Wageni waambie anapumzika. Maneno yakirudi, yatarudi na watu watamwona.

Likizo hakuna, daraja halijaisha.

Mjomba wako


Nyumbani, 17 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu, na safari hii tusimsingizie dereva wala lori.

Nilikutii. Nilishusha mapazia. Jirani mwenye teksi, yule yule aliyemkimbiza hospitali, alikuja na mfuko wa machungwa, nikayapokea mlangoni na kumwambia Mama anapumzika. Alikuja tena, nikamwambia vile vile. Sasa haji. Mama ameelewa kwa nini mapazia yako chini. Anakaa akitazama ukuta, vidole vya mkono wa kulia vinaanza kujikunja kwa sababu mazoezi anayafanya akitaka, na hataki. Gauni la bluu linampwaya. Nilikuwa najiambia namhifadhi. Ukweli ni kwamba nilipumua, maana hakuna tena atakayemsikia.

Jumatano mtaalamu wa usemi alikuja mwenyewe, baada ya kuona hatufiki. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alikaa kwenye mkeka karibu na miguu ya Mama akaanza kuhesabu, "Moja, mbili, tatu," taratibu, kama anayepanga vikombe. Midomo ya Mama ikacheza nyuma ya kiganja. Walipofika sita sauti ikatoka. Sita, saba, nane, mpaka kumi na mbili, kwa sauti yake ya darasani! Nilikimbilia jikoni nikalia kwenye kanga.

Niliporudi alikuwa anamwonyesha kikombe. "Hiki nini, Mwalimu?" Mama akafungua mdomo. Sote watatu tuliliona lile neno linakuja. Akalikaba kwa kiganja, machozi yakamshuka.

Langoni yule dada akaniambia, "Ubongo unaweza kujipanga upya, ila miezi hii ya mwanzo ndiyo yenye faida kubwa, na mnaipoteza. Mazoezi ninayo. Dawa ya aibu sina. Mtafutieni mtu ambaye hamwonei haya."

Mtu huyo si mimi. Mimi ni mwanawe, hakuwahi kuniruhusu kusema hata "mjinga". Anaona haya mbele yangu, na mimi nimemwonea haya mbele za watu, na anajua. Wewe alikufuta kamasi. Wewe ulimwona akianguka mtini na kulia. Kwako hana cheo cha kupoteza.

Kiwandani wamesema nirudi mwisho wa mwezi, la sivyo mashine yangu atapewa mwingine. Njoo, Mjomba. Na kuna jambo limenikaa kooni tangu Aprili. Hukuniuliza neno lenyewe ni lipi. Wewe, uliyesema unalitaka. Kwa nini hukuuliza?

Kiherehere


Kambini, 26 Mei

Mpwa wangu Kiherehere,

Marahaba. Sikuuliza kwa sababu nilikuwa nalijua. Mavi. Haya, nimeliandika, na kalamu haijavunjika.

Dereva hakuwa na nia mbaya. Yeye akipata kisa hawezi kulala nacho. Alikisimulia mchana, watu wote tukiwa kwenye chakula, na akaigiza na sauti yake: mwalimu mstaafu kasalimiwa dirishani, kajibu hivi. Watu walicheka mpaka wali ukawatoka puani. Mmoja akauliza, "Si dada yake Spana huyo?" Wote wakanigeukia.

Nikasema Dereva kakosea nyumba. Nikasema dada yangu mimi hawezi kutamka kitu kama hicho. Dereva alinitazama, akaelewa, akasema labda ndiyo, labda alikosea nyumba. Kisha nikacheka pamoja nao. Nikala nikamaliza sahani yangu, mpwa wangu. Halafu nikakuandikia wewe mambo ya heshima.

Mtu aliyenilea nimemkana kwa sahani ya wali ulioungua. Nimezunguka na jambo hili wiki zote hizi, nalala nalo, naamka nalo. Barua yako imenikuta mahali pabaya na nakushukuru.

Jana mchana, watu wote tukiwa tumekaa, nilisimama nikasema, "Dereva hakukosea nyumba. Yule ni dada yangu." Hakuna aliyecheka. Mpishi aliniongezea mchuzi, masikini, hakujua afanye nini kingine. Daraja halijaisha. Nimemwambia msimamizi mafundi wako wengi, dada ninaye mmoja. Naja na lori linalofuata. Usimwambie kwamba nilimkana. Nitamwambia mwenyewe.

Spana


Nyumbani, 28 Juni

Mpwa wangu,

Hujambo na mashine yako? Natumaini msimamizi wenu ana roho nzuri kuliko wangu. Huku mapazia yako juu. Jirani mwenye teksi nilimfuata mimi kumwomba radhi, alikataa kuipokea mpaka nilipomtengenezea breki. Mke wake anakuja asubuhi kumwogesha Dada. Mimi napika, na paka amesema mpishi wa kambini alikuwa afadhali.

Ulipoondoka nilikuambia langoni kwamba kila kitu kitakuwa sawa, nawe uliona kabisa kwamba naogopa. Dada alinificha mdomo kama anavyowaficha wengine. Siku ya kwanza nilimweleza habari za kambini, yote, pamoja na sahani. Alinisikiliza kiganja kikiwa pale pale mdomoni, akageukia ukuta. Nilistahili. Nikakaa palepale mpaka nikaanza kusinzia kwenye kiti.

Kliniki tunakwenda. Mtaalamu wa usemi alinifundisha mazoezi: tuhesabu pamoja, tuimbe pamoja, na nikimwonyesha kitu nimpe muda, nisimdakie. Tena akaniambia, "Na hilo neno lake, wewe mwenyewe lizoee. Akilisikia kwako halitamtisha." Nikajaribu, mpwa wangu. Nasimama mbele yake nafungua mdomo, halitoki. Mtu mzima na ndevu za mvi, nasikia ladha ya sabuni ulimini. Nikamkumbuka yeye na kikombe, nikaona tuko wawili.

Jana nilikuwa natengeneza bomba la jikoni. Yeye yuko kwenye kiti chake karibu na mlango, mkono wa kulia juu ya mto. Nati ilikuwa imeshika kutu, nikaivuta kwa nguvu zote, spana ikateleza ikanibamiza vidole kwenye saruji. Wala sikukusudia. "Mavi!" nikapiga kelele, mpaka masufuria yakaitikia.

Nikageuka polepole kama mtoto aliyevunja kitu. Kiganja kilikuwa kimetoka mdomoni. Kidole cha mkono wa kushoto kilikuwa kimeninyookea mimi, na macho yale, Kiherehere, macho yale ya bombani! Mdomo ukahangaika. "Sa," akasema. Nikakumbuka nisimdakie. "Sa... sa..." Nikang'ata ulimi wangu. "Sabuni!"

Sabuni, kwa sauti iliyonyooka, hata yule bwana mwenye tai angesimama wima.

Niliichukua ile ya kufulia iliyokuwa kwenye beseni, nikachota maji, nikaosha mdomo. Niliosha kweli, sikumwigizia. Povu lilinishuka mpaka shingoni na machozi humo humo, sikujua lipi ni lipi, na nyuma yangu nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu nifike. Dada alikuwa anacheka.

Nikamgeukia na povu langu. "Imetosha, Dada?"

Akanitazama. Nikamwona analitafuta neno, analitafuta kwa mbali. Halikuja. Likaja lile la siku zote. Nikaangalia mkono wake wa kushoto. Ulibaki pajani, haukupanda mdomoni.

Basi nikaosha tena.

Piga simu Jumapili baada ya saa nne, atakuwa ameshaoga na ataipokea mwenyewe. Mpe shikamoo yake. Atakachokujibu, hicho ndicho marahaba.

Mjomba wako,
Spana